Moshi ni Kuni Iliyotoroka

Ninyi vijana mnaopita nyuma ya hospitali yetu hapa Arua, mkiona lile bomba refu la matofali ambalo siku hizi halionekani kuwa na kazi ila kukaliwa na kunguru, msidhani boila imekufa. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimweleza mwenzake kwamba boila ilifungwa zamani, eti sasa hospitali inachemsha maji kwa birika la umeme. Nilitaka kumwita nimsute kidogo, lakini goti langu siku hizi linasimama kwa majadiliano, na kabla halijakubali yule kijana alikuwa amepanda boda na kwenda zake. Basi nimeona niandike. Mkono bado haujastaafu.

Jina langu Rajabu. Nimezaliwa hapa mjini katika familia ya Wanubi, watu ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani na mpaka leo hawajapata nauli ya kurudi. Kiswahili hiki cha kuandikia nilipewa na mwalimu wa madrasa aliyetoka pwani, mtu mwembamba mwenye fimbo nyembamba zaidi. Kiswahili cha kusema nilikipata sokoni na kwenye boila, na mtakisikia humu humu watu wakianza kuzungumza.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mchochea moto. Boila, kwa wasioijua, ni pipa kubwa la chuma lililojaa maji, na tanuru liko chini yake. Unalisha tanuru, maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbia kwenye paipu hadi jikoni, hadi chumba cha kufulia mashuka, hadi kule wanakosafishia vyombo vya upasuaji. Mvuke ukikatika, daktari anakunja mikono na kusubiri. Tena palikuwa na bomba la maji moto kwenye ukuta wa nyuma, na hilo lilikuwa la watu wote. Waliokuja kuuguza jamaa zao walipanga jerikeni pale kila asubuhi, hasa wenye mama waliojifungua, kwa sababu mwanamke aliyejifungua kwetu akiogeshwa maji baridi, mama mkwe atalisema jambo hilo mpaka mtoto aote ndevu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Doka, Mkakwa wa Abuku, kule Koboko. Alikuwa mfupi, mpana, na nyusi zake zilikuwa zimeungua mara nyingi hata zikakata tamaa ya kuota. Kila asubuhi aliingia mlangoni, akavua viatu vyake vizuri, akavaa vibovu, na kabla ya salamu aliuliza swali moja.

"Moto iko?"

"Iko, Mzee."

Ndipo aliponisalimia. Kama moto haukuwepo, salamu ilingoja. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikumbuki asubuhi aliyoacha kuuliza, hata zile ambazo moto ulikuwa ukinguruma mbele ya macho yake na jasho lilikuwa linanitiririka. Nilimpenda yule mzee, na nasema waziwazi kwa sababu zamani hizo hatukusemeana mambo hayo.

Kuni nilizijua kwa harufu. Ukwaju unawaka kwa hasira na unadumu. Mwembe unalialia, unatoa povu mwishoni, joto lake la kuazima. Kalitusi mbichi inapasuka na kukurushia cheche kama ina kesi nawe. Mzee Doka alinifundisha pia kusikiliza paipu: unagonga kwa spana, ukisikia sauti nene ujue kuna maji yaliyolala ndani, yatoe kabla hujafungulia mvuke, la sivyo paipu itaruka kama mbuzi. Mambo haya hayakuandikwa popote. Yalipita kutoka sikio hadi sikio, na mengine yalipita kwa kofi.

Wiki yangu ya kwanza nilitaka kumwonyesha kuwa nina nguvu. Nikajaza tanuru hadi mlangoni, nikaubana mlango kwa mguu, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Moshi uliotoka ulikuwa mweusi, mzito, na masizi yakaangukia mashuka yaliyoanikwa uani. Wanawake wa kufulia walikuja kwa umoja wao, wakanifunika kichwa kwa shuka moja chafu kama bibi harusi, wakanipigia vigelegele. Mzee Doka alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanitoa nje na shuka langu kichwani, akanionyesha juu.

"Wewe naona nini?"

"Moshi, Mzee."

"Hapana. Ile ni kuni. Ile kuni imetoroka. Hospitali nanunua lori mzima, nusu nawaka, nusu napanda juu, nakwenda Kongo bila pasi."

Tangu siku hiyo nikawa nasoma moshi kama wengine wanavyosoma gazeti. Mweusi: umeshindilia, moto hauna hewa. Mweupe mzito: kuni mbichi, unachemsha maji ya mti badala ya maji ya hospitali. Mwembamba wa buluu, wa kuonekana kwa kukodoa macho: hapo umefanya kazi ya mtu mzima. Mchochea moto hodari, alisema, ni yule ambaye moshi wake hauonekani.

Lakini mji haukuwa na somo hilo. Mji uliupenda moshi wetu. Tukiwasha asubuhi, kabla tanuru halijapata joto, moshi ulipanda mnene, na watu waliokuwa wakija kwa miguu waliuona tangu kilimani, wakajua maji moto yapo. Wasipouona, waligeuza njia palepale na jerikeni zao. Mashabiki wa Onduparaka, timu yetu ya mpira, ambao hawakosi sababu, walitazama moshi unaelekea wapi siku ya mechi, wakatabiri. Wakishindwa walikuja dirishani kwetu kulalamika, eti tuliwasha vibaya. Mzee Doka aliwajibu kwa adabu kwamba atazungumza na upepo.

Sasa niwaambie habari za Mama Furaha. Huyu alikuwa Mkongo, Mkristo wa kufunga kitambaa cheupe kila Jumapili, aliyevuka mpaka akiwa msichana akaanza biashara ya kuni. Lori lake ndilo lililotulisha. Nilipoanza kazi, kuni zilitoka karibu na mji, dereva alikwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Baadaye akawa anakwenda Ajia. Ajia nayo ikawa mashamba matupu, akapita mbele. Kila alipokwenda mbali bei ilipanda, maana lori halinywi maji, na hospitali ililipa tu kwa sababu wagonjwa hawangoji. Dawa zilipungua ili kuni zije. Hatukuliona vizuri jambo hilo, kwa kuwa aliyechoma kuni ni sisi na aliyekosa dawa alikuwa wadi nyingine.

Mama Furaha mwenyewe aliliona kabla yetu. Siku moja alishuka kwenye lori, akaketi juu ya magogo yake akijipepea.

"Mzee Doka, miti inaisha. Kule tulikata zamani, haiko hata kivuli. Sasa minatafuta kwenu Koboko. Batu ba Abuku banasema kuko msitu moya, karibu na maji."

Mzee Doka alikuwa ameinama akizoa majivu. Aliacha koleo.

"Msitu ya nani?"

"Ya mutu moya anaitwa Sebi."

Sebi alikuwa kaka yake mkubwa.

Mwisho wa wiki hiyo tulikwenda Abuku, mimi na yeye. Sikujua kwa nini ananichukua, nadhani alitaka mtu wa kumzuia mdomo. Msitu wenyewe si msitu wa kutisha, ni kichaka cha miti mikubwa kwenye mteremko: mikwaju, mitini, miti kadhaa ya shea ambayo wanawake hukamua mafuta ya mbegu zake. Chini yake maji yanatoka kwenye jiwe, baridi, hata mwisho wa kiangazi. Vijito vingine vya karibu vilikuwa vimekauka baada ya miti yake kuisha, na wanawake walikuwa wanatoka mbali kuja kuteka hapo.

Sebi alitupokea vizuri, akatuchinjia kuku. Hakuwa mtu mbaya, hilo mlijue. Alikuwa na watoto shuleni na shamba lililochoka. Alikuwa amekubaliana na Mama Furaha kwamba kiangazi kikiisha, hospitali ikihitaji kuni, atauza miti yote.

"Doka," alisema, "miti mimi hapana kula. Watoto nafukuzwa shule. Wewe nachoma kuni kila siku huko Arua, hapana uliza natoka kwa nani. Leo natoka kwetu, sasa nakuwa dhambi?"

 Njiani kurudi Mzee Doka alisema neno moja tu, tukiwa tumesimama kungoja gari.

"Ile miti ni kifuniko ya maji. Nakata kifuniko, maji nakwenda."

 Mtu aliyelisha tanuru kuni maisha yake yote, na sasa tanuru lilikuwa limefika mlangoni kwa mama yake.

Siwezi kusema Mungu alimleta Sista Letasi kwa ajili ya Mzee Doka, maana Sista mwenyewe alikuwa na mambo mengi zaidi ya kufanya. Sista Letasi alikuwa msimamizi mpya wa hospitali, Mlugbara mrefu, mwenye kutembea haraka hata akiwa hana haraka. Alikuwa amehesabu, amesoma, ameuliza, na siku moja akaingia boilani na gunia. Akamwaga sakafuni vitofali vya kahawia, vyepesi, ukubwa wa ngumi.

"Maganda ya karanga na ya mpunga," alisema. "Mashine za kukoboa hapa mjini na Koboko zinayatupa, yanaoza au yanachomwa barabarani. Yakisagwa, yakashindiliwa na gundi ya muhogo, yanakuwa haya. Wazee wangu, tujaribu kiangazi hiki. Kamati ya hospitali imekubali majaribio tu. Yakishindwa tunarudi kwenye kuni, na kuni safari hii zinatoka Koboko."

Mzee Doka aliokota kimoja akakinusa.

"Muhogo? Sista, chakula ya watu naweka kwa moto? Hiyo haramu."

"Ni muhogo ulioharibika, Mzee. Ule wenye ukungu."

Akakinusa tena. "Basi hiyo ni halali kidogo," akasema.

Siku ya kwanza tuliaibika. Tulilisha vile vitofali kama tulivyolisha magogo, kwa wingi na kwa nadra, na kufikia saa nne moto ulikuwa umezimika. Jivu la maganda ni laini kama poda ya mtoto, liliziba wavu wote wa chini na hewa ikakosa njia. Daktari alikunja mikono. Tulijifunza upya tukiwa na mvi: weka kidogo, weka mara kwa mara, tikisa wavu, fungua mlango wa chini zaidi kuliko unavyodhani. Na ghala liwe kavu, maana kitofali kikinyeshewa kinarudi kuwa uji. Baada ya siku chache mshale wa kipimo cha mvuke ulisimama panapotakiwa na haukutikisika. Nilipumua boilani bila kukohoa, nikajishangaa, kana kwamba nimevaa kifua cha mtu mwingine. Tulitoka uani kutazama bomba. Juu hapakuwa na kitu, hewa tu ikitetemeka kidogo kwa joto.

Mzee Doka alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amefikia kile alichokitafuta maisha yake yote, na niliona kuwa hakifurahii.

"Imekuwa kama mtu naacha kusema," alinong'ona.

Kumbe mji nao uliona hivyo. Watu walifika kilimani na jerikeni zao, wakatazama, hapana moshi, wakageuka. Ikazuka habari sokoni kwamba boila ya hospitali imekufa, kwamba wanapasua watu kwa visu visivyochemshwa, kwamba mama wazazi wanaogeshwa baridi. Wajawazito wakaanza kwenda kwingine. Wa Onduparaka walifungwa mechi ya nyumbani, wakatulaumu sisi. Mashuka yalikuwa meupe kuliko siku zote, maji moto yalikuwa tele, na nyuma ya ukuta hapakuwa na jerikeni hata moja. Sista Letasi aliandika tangazo akalibandika getini. Lakini anayeamua kilimani hafiki getini kusoma.

Ilibaki muda mfupi kamati ije kuamua, na wagonjwa walikuwa wakipungua. Nilijua Mzee Doka anafikiria nini kwa sababu hakuwa anakula.

Asubuhi moja nilimkuta uani na kipande cha panga, anakata majani mabichi kando ya ukuta. Alikusanya mzigo, akaulowesha kwenye ndoo, akaingia nao ndani, akautupa tanurini kwenye kona, mbali na moto mkubwa. Dakika ile ile bomba likatoa moshi mweupe, mnene, mzuri, ukapanda juu ya mji wote.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natoa salamu," alisema.

Na ilifanya kazi, ndugu zangu. Kabla ya saa nne jerikeni zilikuwa zimepangwa hadi kwenye mwarobaini. Watu walisema boila imefufuka. Tukafanya hivyo kila asubuhi, mzigo mmoja wa majani mabichi kwa ajili ya mji, na baada ya hapo vitofali safi. Mimi nilikata majani, yeye alilowesha. Tulicheka kama watoto walioiba sukari. Kitu pekee ambacho hatukukifikiria ni kwamba kamati nayo ina macho.

Walikuja bila kutuarifu, wakati salamu yetu ikiwa bado hewani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa haki, asiyependa kupoteza fedha ya hospitali hata senti. Alisimama uani akainua fimbo yake.

"Sista, ulituahidi moto usio na moshi. Ule ni nini?"

Sista Letasi alitazama juu, kisha akatugeukia. 

Mzee Doka alivua kofia. "Ile hapana ya maganda, Mwalimu. Ile ni yangu. Majani mabichi. Watu nafikiri moto imekufa, mimi nawaonyesha."

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Hakufoka.

"Mzee Doka, nakuheshimu. Lakini sasa nitajuaje kipi ni cha maganda na kipi ni cha majani? Na wagonjwa wakipungua bila moshi, moto safi huo unamfaa nani? Nitarudi Ijumaa baada ya swala yenu. Nikute bomba safi, na nikute watu. Nikikosa kimojawapo, nasaini mkataba wa kuni."

Alipoondoka, Mzee Doka aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilidhani analia. Alikuwa anajicheka, lakini kicheko cha kuumia.

"Rajabu, mimi nakufundisha nini wiki ya kwanza?"

"Moshi ni kuni iliyotoroka, Mzee."

"Sasa mimi mwenyewe nafungua mlango, natoroshea."

Siku zilizofuata sikumwona akikata majani. Alikwenda kwa imamu. Alikwenda pia sokoni kwa Mama Furaha, jambo lililonishangaza, maana yule mama ndiye aliyekuwa auze miti ya Abuku. Lakini Mama Furaha alikuwa mfanyabiashara, hakuwa adui wa mtu. Mzee Doka alimweleza kwamba lori linalobeba magogo linaweza kubeba magunia ya maganda, na kwamba mashine za kukoboa haziko mbali kama msitu. Mama huyo alifikiri kwa muda wa kumenya ndizi moja.

"Maganda haina uzito," alisema. "Gari yangu itapumuzika. Niko pamoja na wewe."

Ijumaa, boila nilikuwa nayo mimi, nikilisha vitofali kidogo kidogo kama tulivyojifunza. Bomba lilikuwa safi kama halijawahi kutumika. Nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Mwenyekiti alifika na wanakamati wake, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatazama ukutani, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Sista Letasi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya mikono ya gauni lake.

Kisha tukasikia watu.

Mzee Doka alikuwa amesimama msikitini baada ya swala, imamu akampa nafasi, na hakutoa hotuba. Alisema, "Maji iko moto. Nani nakataa, akuje na jerikeni, nashika na mkono yake." Basi wakaja. Wanaume wa msikitini na wake zao, wanawake wa Kikongo kutoka sokoni wakiongozwa na Mama Furaha, na kundi la Onduparaka lililokuja, nadhani, kuangalia tu kama kutakuwa na ugomvi. Mbele yao alitembea Mzee Doka, na alikuwa amevaa kanzu.

Kanzu nyeupe, ya sikukuu, iliyopigwa pasi. Hakuna aliyewahi kuingia boilani na nguo nyeupe. Sisi tulikuwa na nguo za rangi moja, rangi ya masizi, hata kama zilinunuliwa za kijani.

Alipita katikati ya kamati, akavua viatu vizuri, akavaa vibovu.

"Moto iko?" aliniuliza.

"Iko, Mzee."

Akashika koleo. Mlango wa boila ulikuwa wazi na watu walijazana kutazama. Akalisha tanuru, akatikisa wavu, akasubiri, akalisha tena, akagonga paipu, akasikiliza. Hakuharakisha. Mimi nilisimama kando, nikijua katika kanzu ile kuna mikwaju, mitini, na maji ya Abuku. Alipomaliza alitoka nje akasimama juani. Mwenyekiti alimkaribia, akatoa leso yake nyeupe, akasugua bega la kanzu, akasugua kifua, akaitazama leso. Akamwonyesha jirani yake. Palikuwa na doa moja tu, la grisi, kwenye ncha ya mkono, aliposhika mlango wa tanuru.

Mama Furaha aliliona. "Mutu wa moto asikose alama," alisema, na watu wakacheka.

Ndipo Mzee Doka alipofungua bomba la ukutani. Mwanamke mmoja mzee akaweka mkono, akaurudisha haraka, akawageukia wenzake.

"Iko moto. Iko moto kabisa."

Jerikeni zikaanza kulia. Mwenyekiti hakusaini mkataba wa kuni.

Yaliyofuata mnayaona wenyewe, ingawa hamjui mnayaona. Fedha iliyokuwa inaungua ilitengeneza paa la wadi ya watoto, lile la buluu. Wanawake wa Ajia, waliokuwa wakitupa maganda ya karanga zao kando ya nyumba, wakawa wanayauza, na majivu wakayachukua kwa ajili ya mashamba. Wa kufulia waliacha kufua shuka moja mara mbili. Baadaye tuliwekewa mitambo ya jua juu ya paa, inapasha maji kabla hayajafika kwetu, ikafanya maganda yadumu zaidi. Sebi mwenyewe, yule kaka, akawa msimamizi wa kukusanya maganda Koboko, na watoto wake walimaliza shule kwa takataka. Mji nao ulizoea bomba lisilo na salamu.

Lakini msinione mtu wa kuhubiri. Nikisikia wenzangu wakisema nishati safi, nishati safi, kama wimbo wa redio, nachoka. Kuna vitu ninavikosa. Nakosa harufu ya ukwaju asubuhi ya baridi. Nakosa mihogo tuliyochoma kwenye majivu ya magogo, iliyopasuka ganda na kutoa mvuke. Jivu la maganda halichomi muhogo, linauvisha unga tu. Nakosa kutazama juu na kujua nani yuko zamu. Mzee Doka naye alivikosa, alikiri. Tuliketi uani saa za jioni kabla hajastaafu, wazee wawili wakitazama bomba lisilo na kitu, na siku moja akasema, "Nzuri. Lakini hapana sema na mimi tena." Inawezekana kupenda kilichokuja na kulilia kilichokwenda, vijana. Hata ninyi yatawafika.

Mzee Doka alifariki nyumbani kwake Abuku, kiangazi. Nilifika asubuhi, na wanaume wa ukoo walikuwa wanajitayarisha kumwosha. Wanawake walikuwa wamekwenda kuteka maji, na niliwaona wakirudi mteremkoni mmoja nyuma ya mwingine, kutoka chini ya miti ile. Kiangazi kilikuwa kikali, mashamba yote yalikuwa ya kijivu, na ndoo zao zilikuwa zimejaa hadi kumwagika njiani.

Walitaka kuyapasha maji kidogo. Kijana mmoja alikuwa anahangaika na mafiga matatu, anapuliza, anakohoa, moshi mweupe umemfunika. Nikamwambia, mwanangu, niachie. Nilikwenda msituni, nikaokota matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, machache. Nikayapanga yakiwa na nafasi, hewa ipite chini. Nikawasha, nikakaa kando ya moto ule na goti langu, nikiutazama moshi. Ulikuwa mwembamba, wa buluu, wa kuonekana kwa kukodoa macho. Nilikuwa nimewapashia maji watu nisiowajua maisha yangu yote.

Sebi alitoka ndani akasimama mlangoni. Alikuwa na sauti ya ndugu yake, sikuwahi kuligundua hilo kabla.

"Moto iko?" aliuliza.

Nilisogeza tawi moja motoni.

"Iko, Mzee," nikasema, nikainua sufuria.